Bilauri Zilizotazama Ukuta

Wadogo zangu wa depo, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya kugawa bia ilivyokuwa zamani, kwa sababu mlisikia kwamba njia yangu ya Kampemba ilikuwa na baa nyingi kuliko makanisa. Mimi shule niliacha darasa la sita, basi msitafute maneno makubwa. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Nitaandika juu ya baa zilizokufa, na hasa juu ya moja, kwa sababu nilifanya jambo pale ambalo wengi wenu hamlijui. Siku ile ya kuniaga mlisema mimi, Papa Leon, ni mtu wa haki. Someni kwanza.

Siku yangu ya kwanza niliogopa. Nilikuwa konvoayeri, yaani mtu wa kukaa nyuma ya lori, tuliloliita kamio, pamoja na kasie, yaani kreti za chupa, kuzipandisha na kuzishusha. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba chupa iliyojaa, ikipigwa na jua la mwezi wa kumi, inaweza kupasuka yenyewe. Tulisimama mbele ya baa moja ya Bel-Air, na kabla sijashusha hata kasie moja nikasikia mlio karibu na sikio langu kama bunduki. Nikajitupa chini. Watu wa baa walicheka mpaka mmoja akashika ukuta asianguke.

Shofere, dereva wetu, alishuka akaja kusimama juu yangu. Aliitwa Papa Mwamba, mtu wa kaskazini, mwana wa mfanyakazi wa reli. Rozari yake ilining'inia kwenye kioo cha kamio, na yeye mwenyewe hakusema mengi; kijana yeyote alimwita petit, yaani mdogo.

"Petit, umekufa?"

"Hapana, papa."

"Basi lamuka. Kama haukukufa, kazi iko inakungojea."

Nilipoinuka alinionyesha kovu lililopita juu ya jicho lake la kushoto. "Mutu mwenye haogopi chupa atapoteza jicho," alisema. "Weye unaogopa. Iko muzuri. Utabakia na macho mbili."

Nimebaki nayo yote mawili. Miaka yote ile alinifundisha kwa njia hiyo, kwa kunionyesha cha kuogopa. Kabla ya kuzima injini, weka kigogo nyuma ya gurudumu, hata kama barabara inaonekana tambarare, kwa sababu macho yanadanganya na kamio iliyojaa haidanganyi. Saa sita mchana, funika kasie kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Ukibeba kasie begani, geuza uso upande mwingine. Na sikiliza: kasie nzima inalia mlio mmoja mzito, lakini yenye chupa moja ya ufa inalia kama meno ya mtu mwenye homa. Glavu zetu tulizishona wenyewe kwa mpira wa ndani wa gurudumu. Ninyi mnapewa zilizo tayari. Zenu ni nzuri, lakini zinateleza.

Kulikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko zote: "Kitu yenye alama ya kiwanda inarudia ku kiwanda." Meza, mwavuli, sinia, hata kizibuo. Siku moja tulirudi kutoka depo mpaka Hewa Bora kwenye mvua kwa sababu ya sinia moja. Nilidhani ni ukali. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alipokuwa kijana aliona mwenzake akifukuzwa kazi kwa sababu ya mwavuli. Haikuwa ukali basi. Alikuwa anaogopa, na woga wake akaniachia mimi pamoja na kamio.

Baa za njia yetu hazikuwa kama hizi za leo zenye taa za rangi. Nyingi zilikuwa chumba kimoja, ua wenye viti, na friji inayonguruma. Lakini kila moja ilikuwa na watu wake. Moja ilikuwa ya wazee waliotoka mgodini, walikuja na kofia zao za kazi miaka kumi baada ya kuacha kazi. Nyingine ilikuwa na ua ambamo kwaya ya parokia ilifanya mazoezi, na mwalimu wao aliweka chupa chini ya kiti ili padri asiione akipita. Padri alikuwa na yake chini ya kiti kingine. Ukifiwa, kilio kilianzia hapo: mwenye baa alitoa viti, wanawake wa mtaa walipika sufuria kubwa, na sisi wa kamio tulipitisha habari kutoka baa moja hadi nyingine haraka kuliko simu zenu.

Ile ninayotaka kuisema iliitwa Bar Upole, ya Mama Veronika, katika Bel-Air. Ukutani nyuma ya kaunta palikuwa na ubao mrefu wenye misumari, na juu ya kila msumari ilining'inia bilauri nzito yenye mkono, na alama ya kiwanda chetu. Kila mteja wa kudumu alikuwa na yake. Asubuhi Mama Veronika alizigeuza zote zitazame ukuta, alama isionekane. Ukifika, unachukua yako, unakunywa, na ukiondoka unairudisha msumarini ikitazama watu. Hivyo jioni kwa jicho moja alijua nani amekuja na nani hakuja. Bilauri ikitazama ukuta siku moja, walimtania mwenyewe atakapokuja. Ikitazama siku mbili, mtu alitumwa kwake kugonga mlango.

Nilicheka nilipoona mara ya kwanza. Wengi wao walikuwa wanaume waliokuja mjini kwa ajili ya kazi, wake wamekufa, watoto wako Kolwezi au ng'ambo ya mpaka. Hata Papa Ramazani alikuwa na msumari wake, fundi viatu wa jirani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Maniema. Bia hakuigusa maisha yake yote. Bilauri yake ilikuwa ya sukre, maji matamu ya chupa, na wenzake hawakumwacha apumzike.

"Ramazani, hiyo sukre itakuua mbele ya bière itatuua siye!"

"Mukikufa, nani atashona biatu ya kuwazika nayo? Muache nikunywe."

Kisha siku moja tulifika na kamio imejaa, Mama Veronika akatoka nje kabla hatujashuka. "Mwamba, vere ya Sylvain iko inaangalia ukuta siku ya pili." Vere ndiyo bilauri kwa lugha yetu ya hapa, na Sylvain alikuwa mmoja wa wenye misumari. Papa Mwamba akawasha tena injini. Aligeuza kamio na bia yote ndani, jambo ambalo lilikatazwa kabisa, tukaenda. Tulimkuta huyo Sylvain chini karibu na kitanda, homa imempanda mpaka hajui jina lake. Tulimpeleka hospitali amelazwa juu ya kasie, mimi nimemshika kichwa kisigonge. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila tulipokutana alilalamika kwamba mgongo wake haujapona tangu siku nilipomlaza juu ya chupa.

Tangu siku hiyo sikucheka tena ule ubao.

Papa Mwamba alipostaafu, mimi nilichukua usukani. Yeye alipanga chumba kimoja nyuma ya parseli ya mtu, yaani kiwanja chenye vyumba vya kupanga, si mbali na Upole, na bilauri yake ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Ndipo baa zilipoanza kwenda. Moja iligeuka kanisa la maombi. Nyingine ikawa uwanja wa kuegesha magari makubwa ya madini. Ile ya wazee wa mgodi ilikufa kwa sababu wazee wenyewe walikufa. Kazi ikageuka: badala ya kushusha kasie zilizojaa, nilitumwa kuchukua kasie tupu, meza na friji. Watu wakaanza kuijua kamio yangu. Ikiingia mtaani bila mzigo, wenye baa walitoka kusimama mlangoni na kuniangalia kama ninavyomwangalia daktari anayekuja na karatasi. Mama mmoja aliniambia, "Weye Leon, sasa ukipiga honi, tumbo yangu inauma." Niliacha kupiga honi.

Zamu ya Upole ilifika nilipokuwa nimebakiza miezi minane nistaafu. Mwenye nyumba alikuwa ameuza, mnunuzi alitaka ukuta uvunjwe wiki ileile. Nilifika asubuhi. Wazee walikuwa wamekuja kusaidia, yaani walikuwa wamekaa. Tulipandisha kasie, friji, meza. Kisha nikasimama mbele ya ubao.

"Ile, apana," Mama Veronika akasema. "Ubao ni yangu, na vere zitabakia. Nitatundika ku baraza yangu, ku nyumba. Sitauzisha bière, Leon. Banaweza kukunywa mayi. Ni juu ya bazee bajuane."

Niliangalia alama ya kiwanda juu ya zile bilauri. Hakuna aliyekuwa ameniagiza nizichukue. Nasema hivi kwa sababu baadaye niliwaacha watu waamini kwamba depo iliniamuru. Hakuna aliyeniamuru. Niliona miezi minane iliyobaki, nikaona ule mwavuli wa zamani na yule mtu aliyefukuzwa ambaye sikumjua hata sura.

"Mama, ziko na alama," nikasema.

"Leon. Ni vere."

"Ziko na alama ya kiwanda."

Papa Ramazani akasema kwa sauti ya chini, "Banamulisha nini huyu?" Wengine wakaanza kunong'ona. Ndipo Papa Mwamba alipoinuka. Wakati ule alikuwa anatembea kwa fimbo. Alikwenda kwenye ubao, akatoa bilauri yake msumarini, akaifuta kwa shati lake ndani na nje, polepole, akaja kuiweka mwenyewe ndani ya kasie yangu.

"Muache mutoto," akawaambia. "Ni miye nilimufundisha."

Baada yake kila mmoja akaleta yake, na za waliokufa. Bilauri kumi na moja. Hakuna aliyenitupia neno. Ningependa wangenitukana.

Mama Veronika aliutundika ubao kwenye baraza lake, barabara mbili kutoka pale, na misumari mitupu. Siku za kwanza wazee walikwenda. Lakini mtu hawezi kwenda kila siku kuangalia msumari. Mmoja aliona miguu inauma, mwingine aliona mvua, na kila mmoja alidhani wenzake wanaendelea kwenda. Mama Veronika naye, asipomwona mtu, alidhani yuko kwa watoto wake. Hakuna kilichomwonyesha tofauti.

Mvua zilikuwa kubwa wiki zile. Mwenye parseli alipovunja mlango wa Papa Mwamba ilikuwa siku ya tano tangu mtu yeyote amwone.

Niliitwa kusaidia kumbeba, kwa hiyo ninaandika nilichokiona. Alianguka kati ya kitanda na mlango, nyonga imevunjika. Daktari alisema hakufa siku aliyoanguka, wala kesho yake. Vifundo vya vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka mpaka kwenye nyama, na chini ya ukuta, pale mkono ulipofika, rangi ilikuwa imebanduka. Mama wa chumba cha jirani alikuwa analia uani. "Nilisikia mutu anagonga," alisema. "Nilisikia. Nilizani ni ba maçon, kule banajenga. Kisha nikasikia imeacha, nikasema, basi, bamemaliza kazi."

Sikuweza kulia kwenye kilio kile. Nilibeba viti.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa mtunza ghala wa depo. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, kupiga magoti, hata kuacha kazi. Bilauri zilikuwa kwenye kona, ndani ya kasie ileile, hazijaoshwa, utando wa buibui juu yake. Bado ile ya Papa Mwamba iling'aa kuliko nyingine. Mtunza ghala hakuinuka hata kitini.

"Zile? Papa Leon, beba, beba. Tulikuwa tunatafuta fasi ya kutupa."

Niliibeba kasie mwenyewe mpaka kwenye kamio.

Nilizirudisha kwa Mama Veronika. Nilimwambia kila kitu, pamoja na kwamba hakuna aliyeniamuru. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango. Kisha akachukua kasie, akaziosha, akazitundika moja moja. Ya Papa Mwamba aliirudisha msumari wake wa tatu, ikitazama ukuta, na haijageuzwa tena. Mwishoni akaweka bilauri nyingine kwenye msumari wa pembeni. "Hii ilikuwa ya Sylvain," alisema. "Sasa ni yako. Utakuya kila siku." Sikujua kama ni msamaha au ni adhabu. Mpaka leo sijamuuliza.

Sasa nimestaafu. Mke wangu alitangulia, watoto wako mbali, naishi peke yangu Hewa Bora. Nilikuwa nafunga mlango kwa chuma kwa ndani. Siku hizi mchana naacha chuma chini. Naogopa wezi kama kila mtu, lakini mwizi angalau ataniona. Nikitoka kuoga natembea nikishika ukuta. Nimeweka sufuria na mwiko karibu na kitanda, chini sakafuni, mahali mkono wa mtu aliyeanguka unapoweza kufika, kwa sababu sufuria inalia kuliko vidole. Wanaocheka ni wale ambao hawakuona ule ukuta.

Kila siku natembea mpaka Bel-Air, nageuza bilauri yangu, nakunywa maji au munkoyo ya Mama Veronika, kinywaji cha mahindi, narudi. Tumebaki wanne: yeye, Papa Ramazani, mzee mmoja wa reli asiyesikia vizuri, na mimi. Bilauri nyingine ziko ukutani na hazitageuka.

Mwezi uliopita nilifanya jambo la pili la aibu. Nilikuwa nimeota nagonga ukuta na mwenzangu wa jirani anasema, "Ni ba maçon." Asubuhi nikaamua nisiende. Sikuwa mgonjwa. Nilitaka tu kujua.

Siku ya kwanza hakuna aliyekuja, na hiyo ndiyo desturi. Siku ya pili niliamka mapema nikakaa juu ya kitanda nimevaa shati. Saa mbili. Saa tatu. Nilisikia pikipiki ikisimama nje, nikasikia watu wakibishana, kisha pikipiki ikaondoka. Halafu mlango ukagongwa.

"Leon! Papa Leon!"

Ilikuwa sauti ya Papa Ramazani. Sikujibu. Nitasema kweli: nilitaka kusikia tena. Akagonga mara ya pili, mara ya tatu, na katikati ya mara ya tatu mkono wake ukaanza kugonga upesi upesi, bila mpangilio, na nikakumbuka ni mkono wa nani uliogonga hivyo. Nikainuka nikafungua.

Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, tayari kimekunjwa, karibu na pua. Alikuwa amejiandaa kwa harufu. Aliponiona alikishusha, lakini si haraka vya kutosha.

"Uko muzima?"

"Niko."

"Unagonjwa?"

"Apana."

"Sasa juu ya nini haukukuya?"

"Nilitaka kujua kama mutu atakuya."

Alinitazama. Aliegemea mlango, akaangalia miguu yake. 

"Nilipanda moto, Leon," alisema. Pikipiki za abiria anaziogopa kuliko nyoka. "Miye, na hii miguu. Njia yote niko nasema: ni mimi nitamukuta, ni mimi." Akakitia kitambaa mfukoni. "Vala biatu. Mama Veronika iko anasimama mu mulango, anangojea nirudie na habari."

Tulitembea kwa miguu, kwa sababu hakutaka moto tena.  Mama Veronika alikuwa kweli amesimama mlangoni. Aliniona, akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani bila kunisalimia. Mimi nikaenda kwenye ubao nikageuza bilauri yangu itazame watu. Papa Ramazani alichukua yake, na alipokunywa, meno yake yaligongana na kioo. Ililia kama kasie yenye chupa ya ufa.

Sitarudia jambo lile. Lakini tuko wanne, na hesabu hii hata mtu wa darasa la sita anaiweza. Tutakuwa watatu, kisha wawili. Yule wa mwisho jioni atairudisha bilauri yake itazame ukuta, na kesho yake hataigeuza, na hakutakuwa na wa kuona.

Kamio yenu mpya bado inapita pale kila Jumanne alasiri, najua, naisikia. Ubao unaonekana kutoka barabarani. Nimepanda juu ya kiti cha Mama Veronika kuhakikisha, kwa urefu wa shofere. Sibadilishi sheria ya Papa Mwamba, ila nawaongezea moja: mkifika hapo punguzeni mwendo, mwangalie baraza. Mkiona bilauri zote zimetazama ukuta, msipige honi. Wekeni kigogo nyuma ya gurudumu, shukeni, mgonge milango yetu.